Mgonjwa Aletwe Aonekane

Zuhura mjukuu wangu,

Hapa Nandagala tu wazima, ila goti la bibi yako halijamwachia. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Umeniuliza kama umekosea kumwambia yule mfanyakazi wako alete kwanza cheti cha hospitali, ndipo umpe ruhusa ya kumuuguza mama yake. Ngoja nikwambie yangu.

Enzi za Mwingereza nilikuwa kibarua Nachingwea, tukifyeka pori la shamba la Wazungu. Nikaletewa habari kwamba mama yangu ana hali mbaya. Nikamwomba nyapara ruhusa. Akacheka.

"Ninyi vibarua, kila wiki mama zenu wanaumwa! Mlete nimwone."

Wenzangu wakipatwa na hayo walitoroka. Mimi nikajitia kufuata sheria. Nikatuma neno nyumbani wamlete.

Kaka zangu wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mabegani, mwendo wa siku mbili. Roho ilimtoka njiani, karibu na kambi. Hata hivyo wakamfikisha, maana aliagizwa. Nyapara akafunua kanga, akamshika mkono, akauachia haraka.

"Kumbe kweli alikuwa anaumwa," akasema, akanipa siku tatu.

Mama yangu nilimzika huko huko, ugenini.

Taratibu za ofisi yako sizijui, mjukuu wangu. Ninachojua ni kwamba yule nyapara hakuwa na chuki na mimi. Alitaka ushahidi tu, nami nikampa.

Babu yako,
Selemani