Jalada la Ng'ambo ya Mto

Tacoma, 3 Februari 2014

Mpendwa Shangazi Wilda,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Goti linasemaje? Mimi ni mzima, na ahsante kwa kadi uliyonitumia mama alipofariki. Bado iko dirishani.

Nimemaliza kupanga vitu vyake. Unamjua mama, hakutupa kitu, hata karatasi ya maelezo ya pasi iliyoungua zamani nimeikuta. Lakini karatasi za talaka, hakuna hata moja. Maisha yangu yote aliniambia kwamba baba alitia sahihi bila kuuliza habari zangu, akachukua kofia yake, akatoka. Nilikuwa na miaka sita. Leo nina arobaini na mmoja na maneno hayo bado yananichoma.

Umeniandikia kwamba mapafu ya baba yameharibiwa na vumbi la machimbo, na kwamba nije kabla ya baridi nyingine. Shangazi, nitakuja kwa sharti moja. Yaliyosemwa mahakamani yaliandikwa. Nenda kwa karani wa mahakama hapo Harlow, uniulizie jalada la mwaka 1979. Kama baba aliomba kuniona hata mara moja, nakuja. Kama hakuomba, uniache, tuendelee kutumiana kadi za Krismasi mimi na wewe tu.

Mpwa wako,
Renae

*

Selby, kaunti ya Harlow, 2 Machi 2014

Mwanangu Renae,

Barua yako ilifika, nikafurahi kuona mwandiko wako, ingawa unaandika kama daktari. Sisi hatujambo. Goti ni lilelile, linatabiri theluji kuliko redio. Baba yako anakohoa asubuhi, mchana anashinda akinikosoa ninavyoosha vyombo, kwa hiyo najua bado yupo.

Nilikwenda kwa karani. Nilisubiri mpaka theluji ikapungua, maana kile kilima cha mahakama si cha watu wa umri wangu. Binti mmoja mwenye miwani akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akasema hakuna kesi yenye jina letu la Stroud mwaka huo. Nikamwambia atazame na mwaka unaofuata. Hakuna.

Labda hayo mambo tuyaache, mwanangu. Karatasi za zamani zina vumbi kuliko machimbo. Njoo tu. Nitapika maharage na mkate wa mahindi, na yeye utamwona mwenyewe alivyo. Hajui kama nakuandikia haya.

Shangazi yako akupendaye,
Wilda

*

Tacoma, 27 Machi 2014

Mpendwa Shangazi,

Natumaini theluji imeisha na goti limetulia. Mimi nina mafua, si kitu.

Usikasirike, nami nimewaandikia pale mahakamani. Wamenijibu kwa barua yenye mhuri kwamba hakuna jalada. Nilikaa jikoni nikajiuliza, basi wazazi wangu waliachana vipi? Lakini yule binti wa miwani, anaitwa Delphine, aliongeza maneno kwa mkono chini ya barua. Anasema zamani hizo gazeti lenu la Alhamisi lilikuwa linachapa majina ya wote waliofungua kesi za talaka wiki hiyo, pembeni ya bei ya mahindi. Kwa hiyo watu wa Harlow wenye haya walikuwa wakivuka mto na kwenda kufungua kesi zao kaunti ya Pruett, na wa Pruett wanakuja Harlow. Eti masjala zote mbili zimejaa talaka za majirani!

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Shangazi, mama alijifunza kuendesha gari huku Tacoma, nami nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nikimtazama. Mwaka 1979 nani alimvusha mto?

Mpwa wako,
Renae

*

Selby, 9 Mei 2014

Mwanangu Renae,

Natumaini mafua yalikwisha. Umekaa wiki sita bila jibu na unajua si kwa sababu ya goti.

Ni mimi. Nilimpeleka kwa gari langu, lile la kijani. Na nilipokwenda kumwuliza yule binti wa miwani nilijua hatakuta kitu. Nilipanda kile kilima kwenda kudanganya, nikashuka, nikaja kukuandikia uongo wangu kwa mwandiko mzuri. Nina aibu, mwanangu.

Sasa sikiliza kilichonifanya. Mwaka ule baba yako alikuwa akinywa. Siku moja aliazima gari langu akakupeleka kununua viatu, akarudi na taa moja imevunjika, na wewe una nundu kwenye paji la uso, unalia, yeye ananuka pombe. Ulikuwa umeshika kiatu kimoja. Mimi sina mtoto, Renae. Wewe ndiye uliyekuwa wangu. Usiku ule nilimwandikia jaji barua. Niliandika kwamba kaka yangu si mtu wa kuachiwa mtoto, asikuone kabisa. Nikaapa na kutia sahihi.

Nilidhani ni kwa mwaka mmoja, mpaka ajirekebishe. Kumbe mama yako alikuwa anafungasha kwenda upande wa pili wa nchi.

Kaka yangu Garland hajui. Amekaa nyumbani kwangu miaka kumi na tisa, anakula mezani kwangu, na hajui kwamba ni mimi. Kama aliomba kukuona, sijui, sikuthubutu kuuliza. Ila barua yangu imo katika jalada hilo, na akiisoma atakufa ananichukia. Ndiyo maana.

Shangazi yako, kama bado unaniita hivyo,
Wilda

*

Tacoma, 30 Mei 2014

Kwa Wilda,

Sijambo.

Nimepiga simu Pruett. Kesi za watoto hazisomwi na kila mtu, lakini aliyekuwa mtoto katika kesi anaruhusiwa, au mtu aliyemtuma. Ndani ya bahasha hii kuna ombi langu. Nimelitia sahihi benki mbele ya mama mmoja mwenye mhuri wa kuthibitisha sahihi, na nakala ya kitambulisho changu ipo nyuma. Jina lako nimelijaza kama mtu niliyemtuma. Wanataka jina la aliyefungua kesi na mwaka. Unavyo vyote viwili.

Wewe ndiye uliyempeleka mama. Nenda ukalilete jalada.

Renae

*

Selby, 21 Juni 2014

Mwanangu Renae,

Nakusalimu hata kama hujaniuliza hali. Nimekwenda mara tatu.

Mara ya kwanza karani wa Pruett aliniambia majalada ya zamani yamehamishiwa jela kuukuu nyuma ya mahakama, nirudi baada ya wiki. Mara ya pili ufunguo ulikuwa na mtu aliyekwenda kuvua samaki. Mara ya tatu, jana, mzee mmoja alinitolea sanduku kutoka chumba ambacho bado kina nondo dirishani. Nikakaa kwenye benchi la wafungwa nikafungua. Nikasema, Wilda, hapa ndipo mahali pako.

Baba yako aliomba mara tano. Nakala zote zimo ndani ya bahasha hii zikiwa na mhuri. Aliandika kwa mkono, nyuma ya hati za kupakilia mawe za machimboni, hakuwa na wakili. Ya kwanza inasema: "Mheshimiwa Jaji, naomba nimwone binti yangu hata saa moja, hata mbele ya polisi. Sijanywa siku arobaini na moja." Ya pili ni siku mia na sabini. Ya tano ni ya mwaka 1984, bado anaomba saa ileile moja, na hakuhesabu tena siku, aliandika miaka. Nne za kwanza jaji alizikataa, hiyo haikujibiwa. Kuna bahasha ya mahakama iliyorudi, imeandikwa kwamba mama yako haishi tena kwenye anwani ile.

Na barua yangu imo. Lakini nyuma yake, Renae, kuna karatasi ndogo. Mahakama ilimpelekea nakala, na alisaini kwamba ameipokea: Garland T. Stroud, 14 Januari 1980. Alijua. Miaka yote hii alijua.

Nilirudi nikamkuta anamenya viazi. Nikaiweka ile barua mezani. Akaitazama, akaendelea kumenya.

Nikasema, "Garland, ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Na ukaja kuishi kwangu?"

"Sasa ningekwenda kwa nani? Uliandika ukweli, Wilda. Niliibeba mfukoni mpaka ikachanika, kila nikitamani chupa naisoma." Akakohoa kidogo. "Ila ulimdanganya jaji kitu kimoja. Uliandika niliendesha maili sabini kwa saa. Lile gari lako halikufika sabini tangu lizaliwe."

Nililia mpaka akanipa kile kitambaa cha vyombo. Nikamwuliza kwa nini hakukuambia wewe. Akasema, "Nimwambie mtoto kwamba mama yake mwongo? Mama ndiye pekee aliyekuwa naye."

Nimeomba msamaha kwake. Naomba na kwako. Usipojibu nitaelewa. Kila siku anauliza posta imeleta nini.

Wilda

*

Tacoma, 30 Juni 2014

Shangazi yangu,

Hujambo? Goti? Niambie kweli safari hii.

Nimesoma kila ukurasa sakafuni, nikiwa nimeegemea kabati la mama. Namkasirikia, na nimemkumbuka sana, vyote kwa pamoja. Wewe pia nilikukasirikia mwezi mzima. Halafu nikagusa paji langu. Nundu haipo, lakini kovu dogo lipo, na siku zote nilidhani nilianguka bembeani. Ulikuwa na sababu, Shangazi. Tutagombana vizuri nikifika, kisha basi.

Nafika Jumamosi tarehe kumi na mbili Julai. Nitakodi gari uwanja wa ndege. Mwambie baba sitapita maili hamsini.

Na lile ombi lake la tano, ambalo halikujibiwa, msomee jibu hili kwa sauti. Saa moja haitoshi, nakaa wiki mbili. Polisi hatuwahitaji.

Binti yenu,
Renae