Kahawa Ingali Buni

Jumatatu, 7 Machi 1983. Moroni

Kaseti kutoka Mutsamudu! Kaka Msa kampa baharia aniletee. Sauti ya Baba — kwanza kikohozi, kisha shairi, basi. Kwa Kiswahili cha Unguja, tulikozaliwa sisi:

Mgeni, keti kitini,
Kahawa ingali buni.
Moto sijawasha ndani,
Una haraka ya nini?

Mgeni ni mauti, hilo nimelijua. Ngiri imemzidi. Daktari alisema apasuliwe huku Moroni, atapona. Lakini Msa naye kajirekodi baada yake: Baba hana hofu tena, si unasikia anavyokaribisha? Tumwache afie kwake. Sanda imeshanunuliwa.

Sanda!

Jumatano, 9 Machi

Nimemsikilizisha Bi Kalathoumi, muuza vitambaa wa Volo Volo. Alikaa sana Unguja. Kalia machozi mpaka kakiharibu kitambaa cha mteja. Moyo mkubwa huo, kasema, Mungu amjaalie mwisho mwema.

Sielewi. Aliyekubali kufa huuliza haraka ya nini? Au ndiyo utulivu wenyewe? Nimeirudisha kanda mpaka mume wangu katoka nje.

Ijumaa, 11 Machi

Napepeta mchele — nikakumbuka! Unguja, Baba hakumfukuza mgeni hata siku moja. Aliyempenda alikuta kahawa i tayari. Asiyempenda, kama yule mzee aliyekuja kumposa shangazi, alikaribishwa kwa heshima zote, kisha Baba ndiyo kwanza akaanza kukaanga buni. Akaange, atwange, achemshe... Mgeni akachoka, akaaga mwenyewe.

Basi hataki kufa! Au mimi ndiye nisiyetaka, najidanganya? Hata hivyo nakwenda kumchukua.

Jumapili, 13 Machi

Bandarini wamenipekua. Mzungu mmoja, wa wale mamluki wanaomlinda rais, kaitia kaseti kwenye redio yake, kasikiliza hadi mwisho. Huyu mzee anasema nini? Nikamjibu kwa Kifaransa: anazungumzia kahawa. Kacheka, kanirudishia. Nikapanda meli.

Jumatatu, 14 Machi. Mutsamudu

Baba kakonda, macho ni yaleyale. Meli inarudi Moroni alasiri hii. Nikamwambia, Baba, twende ukapasuliwe. Kanishika mkono, kautazama muda mrefu. Kisha:

— Oumi mwanangu, kaanga buni.

Msa kanigeukia: umesikia? Kakubali kumpokea mgeni. Usimtese mzee wa watu.

Naandika hapa jikoni. Wifi Assia kashaleta kuni, buni, kinu. Anatafuta kiberiti, anaapa kilikuwa hapa asubuhi. Kimo ndani ya kanga yangu.

Honi ya kwanza ya meli. Msa hajaita gari. Nikitoka kuita mimi, wataomba moto kwa jirani, wawashe wao.

Baba anaita: moto vipi, Oumi?

Siwashi. Siwashi ng'o!

Na kama ana hamu ya kahawa tu?