Jina Alilokupa Mama

Mdogo wangu Jalala,

Usikunje uso. Najua huko kwako unaitwa Mchungaji Mteule, lakini mimi niliyekubeba mgongoni sijalizoea.

Huku tunasukuma siku. Bati la jikoni bado linavuja, nami bado napiga pasi kwa dobi yule yule. Mama magoti yanamtesa, ila Jumapili aling'ang'ania nimlete akusikie ukihubiri. Tulikaa benchi la nyuma kabisa. Hukutuona.

Ulihubiri vizuri, sikunyimi sifa. Ulisema mama yako hakukupenda, ndiyo maana akakuita takataka, mpaka Mungu alipokufutia lile jina la laana. Watu walilia.

Sasa nikwambie, maana yeye hatakwambia. Kati yangu na wewe mama alizika watoto watatu, wote wenye majina mazuri. Ulipozaliwa alikuviringisha kwenye gunia, akakuita Jalala, ili kifo kikipita kione hapa hakuna cha kuchukua. Kisha kila alfajiri akapiga magoti sakafuni, akikuombea kwa Mungu huyo huyo unayemhubiri. Ndiyo magoti hayo yanayomuuma.

Mwishoni uliwatangazia waumini kwamba umemsamehe mama yako. Wakapiga makofi. Mama alipiga kuliko wote.

Njiani nilimuuliza, "Mama, hukuumia?"

Akanishika mkono, anacheka. "Umeona alivyonenepa?"

Dada yako,
wa kwa dobi