Nilimpoteza Lomeri kwa Karata, na Bado Ninamchunga Mimi

Kakuma, 4 Aprili 1995

Kwa Shangazi Namuar wa gazeti letu la Lodwar,

Ejok, Shangazi. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya debe kwa sababu kigoda changu sina tena, na ukisoma mpaka mwisho utajua kilikwenda wapi, naomba tu usinicheke kabla hujamaliza. Mimi naitwa Lokol, niko hapa Kakuma mjini, kazi yangu ni kubeba magunia kwenye stoo ya posho ya wakimbizi, nina mke mmoja, Amuria, na watoto watatu, na pombe sinywi, hata katekista anajua. Shida yangu ni karata.

Ilianza kama mchezo tu. Tulikuwa tukingoja lori la mahindi kutoka Kitale, na hayo malori unayajua, wakisema Jumatatu linafika Alhamisi, sasa wanaume sita mtakaa mkitazamana siku tatu? Tukacheza. Mwanzo dau lilikuwa sigara, na mimi sivuti, kwa hivyo nikishindwa siumii na nikishinda nina sigara za kuwagawia watu, nikaona huu mchezo ni mzuri sana, halafu tukahamia sabuni, halafu beseni, halafu siku moja nikaweka ekicholong changu, kile kigoda alichonichongea marehemu baba, cha kukalia mchana na kuwekea kichwa usiku, nikakipoteza kwa karata moja, moja tu Shangazi, nikaenda nyumbani nikamwambia Amuria kimeliwa na mchwa. Akaniuliza ni mchwa gani hao wanamaliza kigoda chote wanaacha kamba yake ya ngozi. Nikasema hawa hawapendi ngozi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wewe ni wa kwetu unajua, lakini niwaambie wasomaji wengine kwamba mwanamume wa Kiturkana ana maksai wake mmoja wa moyoni, humkunja pembe tangu mdogo, humwimbia, na rika lake humwita yeye kwa jina la huyo maksai. Wangu ni Lomeri, madoadoa kutoka shingo hadi mkia, pembe moja inaangalia Sudan na nyingine inaangalia Lodwar, kwa hivyo mimi naitwa Apalomeri, baba yake Lomeri, hilo la Lokol ni la kuandika kwenye karatasi za kazi. Basi huyo ndiye niliyemweka dau.

Usiniulize ilikuwaje. Siku ile nilikuwa nimeshinda mara nne mfululizo, mwili ukawa moto, nikaona leo hata nikiweka mlima nitarudi na milima miwili. Aliyekuwa mbele yangu ni Thiong, Mdinka wa kambini tunayebeba magunia naye, mtu mrefu, mpole, hana maneno mengi, na yeye aliweka baiskeli yake. Nikaliwa.

Halafu sikia maajabu. Kambini wakimbizi hawaruhusiwi kufuga ng'ombe, sisi wenyeji ndio tulikataa, hata mimi nilikuwa kwenye ule mkutano na nilipiga kelele kuliko wote. Kwa hivyo Thiong hana pa kumweka. Akaniambia, "Ndugu yangu, maksai ni wangu, lakini akae kwako. Umchunge vizuri." Ndiyo hali yangu mpaka leo, nampeleka malisho, namnywesha, namtoa kupe, na si wangu, na kusemwa nasemwa, Jumamosi moja Thiong alimpapasa mbavu akaniuliza, "Mbona amekonda? Unampeleka wapi wewe?" Nikajikuta naomba msamaha!

Kila Jumamosi lazima aje. Anampaka majivu mgongoni, anainua mikono kama pembe, anamwimbia kwa Kidinka, anamwita Marial, machozi yanamtoka mwanamume mzima, na yule maksai msaliti anafumba macho anasikiliza. Juzi nilimwita Lomeri, Lomeri, akanitazama kama karani wa posho anavyomtazama mtu asiye na kadi. Amuria akaniuliza huyu mgeni anayemwimbia ng'ombe wetu ni nani, nikamwambia ni daktari wa mifugo kutoka Loki, ndiyo matibabu yao ya siku hizi. Sasa kila Jumamosi anamwekea maziwa, na amemletea mbuzi wake anayekohoa, Thiong akamwonea haya mama wa watu, akamwimbia na mbuzi, na Shangazi, mbuzi amepona.

Mvua zikiisha mdogo wangu anaoa kule Nakalale. Kutakuwa na ngoma yetu ya edonga, tutaruka wote, na kila mwanamume atainua mikono amwimbe maksai wake mbele ya watu. Mimi nitamwimba nani? Wakiita Apalomeri nitaitika kwa mdomo gani? Kwa hivyo nimemwambia Thiong tucheze mara ya mwisho kabisa, nikishinda narudishiwa maksai, nikishindwa achukue na jina, kwa sababu sina kitu kingine cha kuweka. Amesema atafikiri. Nicheze, Shangazi? Naona safari hii mkono uko tayari, nimeota mara mbili.

Tafadhali unijibu kabla Aprili haijaisha, maana Losike wa hapa stooni anasema gazeti haliwezi kumjibu mbeba magunia, na tumewekeana dau. Yeye ameweka akala zake, mimi zangu, na viatu vingine sina.

Ni mimi,
Lokol, aliyekuwa Apalomeri

*

Shangazi Namuar anamjibu:

Ejok, Lokol. Nimekucheka, na nilianza kabla sijamaliza, unisamehe. Pale kwa mbuzi nilitoka nje nikapunge upepo. Halafu nikarudi nikasoma mara ya pili, na safari hiyo sikucheka hata kidogo.

Swali lako lina jibu fupi: usicheze. Mimi nimekuwa muuguzi hapa Lodwar miaka ishirini na sita, na hayo maneno ya "mara ya mwisho kabisa" nimeyasikia kwa walevi na kwa wacheza kamari, sauti ni ile ile. Na ndoto zako nitolee hapa! Usiku wa kuamkia siku uliyompoteza Lomeri uliota nini? Uliota unaliwa? Hakuna mcheza karata anayeota ameliwa, ndiyo maana kesho yake anarudi.

Unanitangazia kwamba pombe hunywi. Hongera. Lakini mtu anayemdanganya mke juu ya kigoda, kisha juu ya mgeni, kisha anataka kurudisha alichopoteza kwa kuweka kikubwa zaidi, huyo ameshikwa kama alivyoshikwa mlevi. Tofauti ni kwamba hanuki mdomo.

Usidhani nachukia karata. Krismasi mimi na dada zangu hucheza, dau letu ni makoma, yale matunda ya mkoma, na kikapu kikiisha tunainuka tukapike. Anayeweza kuinuka na acheze, aweke kitu ambacho watoto hawatakililia, na akiliwa aseme basi. Wewe hukuinuka kwenye sabuni, hukuinuka kwenye beseni, kigoda cha baba yako kimeondoka chini ya makalio yako na bado ulikuwa umekaa. Karata si zako, baba. Si leo wala ukiwa mzee.

Sasa huyu Thiong. Umeona mwanamume mzima akilia, wewe ukaandika habari za macho ya ng'ombe. Wadinka nao wana maksai wa kuimbiwa kama sisi. Huyo alivuka mpaka wa Sudan kwa miguu, Lokol. Umewahi kumuuliza Marial ni nani, na alibaki wapi? Hukumuuliza, ulikuwa unahesabu mchezo unaofuata. Nikwambie ninavyoona mimi, jina lako halitaki. Lake analo, na kila Jumamosi anakuja kwako kuliita kwa sababu hana mahali pengine pa kuliitia. Na wewe ndiye uliyepiga kelele kwenye mkutano asifuge hata mmoja. Umenikasirisha hapo, nasema wazi.

Kwa hivyo uende kwake siku isiyo ya karata, uende na mzee wa ukoo wako mmoja, na umwambie uliweka kitu ambacho hakiwekwi. Muulize atakubali nini badala yake, ukifanyie kazi kwa mgongo, gunia kwa gunia. Akikataa, usimnunie, maksai ulimweka mwenyewe hakuna aliyekushika mkono, na utaendelea kumtoa kupe. Akikubali, Jumamosi zake umwachie, na mvua zikiisha umwalike Nakalale mwimbe pamoja. Lomeri ana pembe mbili, anatosha kuimbwa na wanaume wawili.

Yule katekista unayejivunia kwamba anakujua hukaa na watu wanaojaribu kuacha pombe, Jumatano jioni, nyuma ya kanisa. Ingia, kaa chini, sema "mimi ni karata." Watakucheka Jumatano moja tu, ya pili watakusogezea kiti, na najua kiti unakihitaji. Mshahara uchukuliwe na Amuria mkononi mwa karani, wewe usiuguse. Lori la Kitale likichelewa, usingoje stooni. Nenda nyumbani ukachote maji, mkeo atashtuka lakini atazoea.

Naona unauliza moyoni mbona haya yote yametoka toleo la Mei. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na moja Aprili, na nafasi kwenye gazeti ilikuwapo. Niliiweka chini ya mkebe wa sukari mpaka mwezi ukaisha, na nilifanya kusudi. Ningekujibu Aprili ungeshinda akala za Losike, ungetangaza Kakuma nzima kwamba bahati imerudi, na kesho yake ungekuwa mbele ya Thiong na jina lako uwanjani.

Basi umeliwa tena. Vua akala, mpe Losike, kisha nenda nyumbani saa saba mchana, pekupeku juu ya mchanga huo wa Kakuma. Amuria atakutazama miguu, atakuuliza viatu viko wapi.

Usimwambie ni mchwa. Anzia hapo.