Makofi Chini ya Jabali la Barafu

Jumanne, 1972. Mtaa wa Bondeni, Nakuru. Mvua imekatika saa kumi na moja jioni, lakini mimi bado ninatetemeka, na si kwa baridi.

Baridi naijua sasa. Miezi miwili iliyopita nilikuwa kusini kabisa mwa dunia, karani katika meli ndogo ya watalii, nikiandika kila siku ndege na sili tuliowaona. Siku nilipoona mto wa barafu ukimeguka na kuanguka baharini, machozi yalinitoka. Nyumbani Kabazi hawajaniamini mpaka leo.

Leo bosi wangu, Bwana Hollis, ambaye huwatembeza wageni hapa Ziwa Nakuru na ndiye aliyewaongoza wageni wa meli ile, alinipa ripoti ya safari ile niipige chapa. Inakwenda kwa wenye meli. Ukurasa wa tatu vidole vikakwama: "Ndege hawakusumbuliwa popote."

Uongo!

Hapa Nakuru tuna mazoea yetu. Wageni wakitaka picha, mimi hupiga makofi, flamingo wanaruka wote pamoja, kisha wanatua palepale. Basi kule kusini, chini ya jabali la barafu, tulikuta minandi, ndege weusi wenye kifua cheupe kama hawa wa ziwani kwetu. Walikuwa wamelalia mayai. Bosi akasema, "Karani, waamshe kama nyumbani."

Nikapiga. Kwa mikono hii hii inayoshika kalamu.

Wakaruka. Kabla hawajarudi, shakwe wakubwa wa kahawia walishuka wakabeba mayai, moja baada ya jingine, na wageni wakaendelea kupiga picha. Flamingo wa Nakuru huja kula tu, hawana kiota cha kuacha wazi. Hatukufikiria hilo, sisi mabingwa!

Nilimwendea ofisini kwake. "Bwana, mayai yaliliwa."

Hakuinua macho. "Wewe ni mpiga chapa ama daktari wa ndege? Msimu ujao tunarudi pale pale. Nataka ripoti mezani kesho asubuhi."

Nimekasirika hadi masikio yanawaka. Msimu ujao karani mwingine ataambiwa apige makofi, na wenye meli watakuwa wamesoma kwamba hakuna shida. Tena chini ya ripoti, kama kawaida, ni herufi za kwanza za jina langu, mimi niliyeipiga chapa.

Mama Njeri, anayesafisha ofisi, alinikuta nimeikodolea mashine macho. "Wee kijana wa barafu, umeganda?" Akacheka peke yake. "Kama ni kuandika, andika uende, nipige deki."

Nikatia karatasi mpya ya ukurasa wa tatu. "Tulipiga makofi. Ndege waliacha viota na mayai yaliliwa. Isirudiwe." Bosi alikuwa ameshakwenda nyumbani; nikaiweka ripoti mezani kwake. Mama Njeri amefunga ofisi na kuondoka na ufunguo, kwa hiyo siwezi kurudi kuitoa.

Nimetaka kurudi mara tatu.

Saa mbili asubuhi nitajua kama bado nina kazi. Bado natetemeka. Nitakwenda hivyo hivyo.