Mdomo wa Keziah

Jumanne, 6 Septemba 1803. Salem
Keziah wangu amefariki alfajiri. Koo lilimziba. Miezi kumi na minne tu — na baba yake hajamtia machoni. Asa alisafiri mimba ikiwa changa. Habari za binti alizipata kwa barua. Nimemtuma wifi yangu Dorcas kwa Bwana Lunt, mchoraji wa sura ndogo, aje kabla hatujazika. Asa lazima amwone mwanawe. Lazima.

Jumatano, 7 Septemba
Lunt ameshinda kando ya kitanda. Anachora juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, kinaenea kiganjani. Kaniuliza macho yalikuwa na rangi gani, maana anamchora kama yuko hai. Kijivu. Mdomo kauona mwenyewe. Jioni tumezika.

Ijumaa, 9 Septemba
Ni yeye! Mdomo ule ule, upande mmoja umepanda, anataka kudeka. Lunt kaniachia nimtazame, yeye akaenda kwa sonara kufuata fremu na kioo. Akaniasa: rangi hii ni ya maji, mama, usiiguse kabla ya kioo.

Nikambusu.

Nilimbusu mwanangu, basi. Mate, machozi. Nilipomwondoa, chini ya pua palikuwa peupe. Nimejifuta midomo kwa leso. Sithubutu kuifua.

Jumamosi, 10 Septemba
Lunt hakunigombeza. Heri angenigombeza. Uso anaukumbuka, mdomo hapana. Wiki hii amechora maiti wengine wawili.

“Nielekeze, mama. Ulipanda upande gani?”

Kulia. Hapana, kushoto. Nikifumba macho namwona akitafuta hewa, mdomo wazi. Mwingine haunijii. Mungu wangu, haunijii.

“Si achore wowote tu, wifi?” Dorcas akasema. “Kaka atajuaje?”

Nilitamani kumtoa nje. Mimi je, sitajua?

Jumatatu, 12 Septemba
Merikebu ya Asa imetia nanga. Dorcas kakimbilia gatini. Lunt yuko hapa mezani, brashi imelowa. Aliniomba amchoree Keziah mdomo wangu. Nikakataa, haukufanana na wake kabisa.

“Basi alifuata wa baba,” akasema. “Wa baba ukoje?”

Nikataka kumjibu. Karibu miaka miwili — na huo nao siukumbuki.

Nasikia viatu vya Asa ngazini. Anacheka, anamwita Keziah kwa jina. Dorcas hajamwambia. Lunt ameinua brashi, anaangalia mlango.