Lifti ya Ghorofa ya Sita

Jumanne, 4 Februari 2025

Leo nusura nimuue mama. Tulikuwa tunaenda kliniki. Nimebonyeza lifti, kengele imelia, mlango umefunguka, nami nikasukuma kiti chake kama kawaida — kichwa nimekigeuzia Lavender wa mlango wa pili, namjibu salamu. Lifti haikuwepo! Mlango wazi, ndani ni giza na kamba za chuma. Magurudumu ya mbele yalishaingia hewani. Sijui nguvu ya kuvuta niliitoa wapi. Mama aliniangukia, tukabaki sakafuni tumekumbatiana.

Neno lake la kwanza: sandali yake moja imeanguka huko chini. Sandali!

Osewe, keateka anayetunza jengo letu, alikuja na spana. Akaupiga mlango teke, akasema iko sawa, tupunguze haraka. Baadaye nimesoma ile stika ya ukaguzi iliyo ndani ya lifti. Naipita kila siku. Muda wake uliisha mwaka juzi.

Alhamisi, 6 Februari

Akili bado iko kwenye lile shimo. Jana soko la Toi, ninakouza mitumba, nimemfungia mteja sweta mbili za mtoto badala ya moja, na hakurudi kuniambia. Watu!

Nimepigia simu ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa lifti. Niliingia bafuni nikafungua mfereji mama asisikie. Mwanamke wa huko aliuliza jina la jengo na lini lifti ilikaguliwa. Anasema lifti inapaswa kupimwa kila miezi sita na mtu mwenye leseni. Yetu ni kama mtoto ambaye hajaonyeshwa daktari tangu mwaka juzi. Ameahidi jina langu halitatajwa.

Sitamwambia mtu. Mbuthia, mwenye ploti hii tunayopanga, akijua ni mimi, vitu vyetu vitalala nje.

Jumatano, 12 Februari

Mkaguzi amekuja. Anaitwa Mutunga, mtu mpole, anabisha hodi hata kwenye mlango uliofunguka. Alikaa juu kwenye mashine hadi akashuka na mafuta kwenye kola. Mlango umeharibika, na kamba moja imeanza kukatika nyuzi. Amezima umeme wa lifti, ametia kufuli na kubandika ilani nyekundu: marufuku, mpaka itengenezwe na fundi mwenye leseni na ikaguliwe tena. Mbuthia akasema itachukua wiki moja tu.

Nilifurahi. Nilifurahi kweli! Nikapika samaki.

Tukiwa tunakula mama akauliza, "Sasa Jumapili nitaenda aje kwa Awiti?"

Awiti ni dada yake wa tumbo moja, muuza omena wa Kisumu Ndogo, huko Kibera. Tulihama Kambi Muru, Kibera hukohuko, mama alipopata stroke ikampooza upande mmoja, kwa sababu vichochoro vya kule havipitishi kiti cha magurudumu. Hapa Kawangware nyumba za chini zilikuwa zimejaa, ajenti akatupa ya ghorofa ya sita, akasema msijali, kuna lifti. Kila Jumapili baada ya kanisa nampeleka kwa Awiti. Wanasengenya walio hai na waliokufa mpaka jioni. Mimi niliwaza shimo tu. Jumapili sikuiwaza.

Jumapili, 2 Machi

Wiki moja ya Mbuthia haiishi. Awiti naye ameshikwa na ugonjwa wa ini, hawezi kupanda ngazi. Mama hawezi kushuka. Wanapigiana simu, na maneno yakiisha hawakati. Wananyamaza tu, kila mmoja anasikiliza mwenzake akipumua.

Khamala, seremala wa hapo chini, alijitolea kumbeba mama mgongoni. Walifika ghorofa ya nne mama akajikojolea. Akaomba arudishwe. Khamala alimrudisha polepole, akamketisha, akaenda kubadilisha shati. Mama ameapa hatabebwa tena na mwanamume yeyote.

Leo kwenye ngazi nimewakuta wanawake na mitungi ya maji. Lavender tumbo limeshakuwa kubwa, anapumzika kila ghorofa. "Huyo mtu alituchoma kwa serikali, nikimjua! Atanibebea hii maji mpaka nizae!" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nimejichukia mpaka sasa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Mutunga. Nilimwambia kuna mama mgonjwa amefungiwa juu, afungue hata siku moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema Mbuthia hajaomba kukaguliwa upya, kwamba ameshamwandikia, kwamba sheria inachukua muda. Kisha akaniuliza, "Nikifungua na kamba ile ikakatika mama akiwa ndani, mimi na wewe tutaongea nini, dada?" Nilitaka kumtukana. Nikakata simu.

Jumatano, 19 Machi

Awiti ametuacha. Austine, mwanawe, alipiga asubuhi.

Mama hakulia. Aliomba nimgeuze kwenye dirisha, upande wa Kibera. Hakuonekani Kibera hapo, ni ukuta wa ghorofa nyingine. Ameutazama siku nzima.

Alhamisi, 27 Machi

Lifti inatembea! Nimerudi kutoka Toi nikakuta watu wanapanda na kushuka kwa vifijo, watoto wanabonyeza kila kitufe. Kufuli imekatwa. Ilani imebanduliwa, imebaki alama ya gundi.

Nikamuuliza Osewe cheti kiko wapi.

"Kwani madam, wewe unapanda cheti ama unapanda lifti?"

Wakaniangalia wote. Khamala karakana yake iko pale mlango wa kuingilia jengo, na anasema hakuna fundi aliyeingia wiki hii. Simu ya Mutunga haishikwi.

Kesho saa tano mwili wa Awiti unatoka mochari kwenda nyumbani kijijini, ukazikwe. Mama anachotaka ni kumwona uso tu. Hajaomba kitu kingine tangu msiba. Khamala na wenzake watatu watambeba akiwa kwenye kiti chake, si mgongoni. Nimemweleza mama. Hakujibu, nami nikajidanganya kwamba amekubali.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi, mlangoni petu. Nimetoa daftari ili mikono ipate kazi.

Akina Khamala walikuja mapema. Walipoinama kushika kiti mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. "Siendi kumuaga Awiti nikinuka mkojo!" Wakarudi nyuma. Wamesimama hapo, kofia mkononi, wanaume wanne wazima.

Kwa mkono wake mmoja mzima amejisukuma mwenyewe hadi kwenye mlango wa lifti. Amevaa gauni la kanisani. Mguu mmoja una ile sandali iliyobaki, mwingine una soksi. Kitufe kiko juu, hakifikii. Akaniambia nibonyeze.

Nikapiga magoti. Nikamwambia mama, hii ndiyo ile ile, kamba haijabadilishwa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, ni mimi niliyewaita wale watu.

"Najua," akasema. "Stroke ilichukua mguu, haikuchukua masikio. Huo mfereji wako hauna kelele kama unavyodhani."

Siku zote hizo! Alijua siku zote hizo, amekaa ndani, na hakunilaumu hata kwa jicho. Nikaanza kulia. Akanifuta uso kwa ncha ya leso.

"Ulifanya vizuri, nyathina, mwanangu. Sasa bonyeza."

Ndipo nikaja kukaa hapa. Khamala anasema niseme neno moja tu, hata mama apige kelele namna gani watambeba. Lavender ametoka mlangoni, anatutazama, amesikia yote.

Austine anapiga tena. Wameshafunga jeneza kwenye gari, anasema watalifungua mama akifika, lakini dereva ameanza kulalamika. Mama hanitazami, anatazama mlango wa lifti. Nikiweka kalamu chini itabidi nichague, kwa hiyo bado naandika.